Ekari sita ukingoni mwa Usambara: nianze na mahema mangapi?

SWALI: Baba yetu alifariki akatuachia ekari sita kijijini, wilayani Lushoto, kwenye ukingo wa mlima unaotazama Mazinde na nyika ya Wamasai. Tuko watoto wanne, na wa kike ni mimi peke yangu. Nimeajiriwa Dar es Salaam na nina akiba ya shilingi milioni 45. Nataka kufungua kambi ya mahema ya kifahari, hii wanayoiita glampingi. Mtandaoni nimeona mahema ya kuba yanayoagizwa kutoka nje, nikafikiria kuagiza matano na kuchukua mkopo wa milioni 30 kujazia. Kaka zangu hawapingi, ila hatujaandikishana chochote. Nianzie wapi, fedha itarudi baada ya muda gani, na je, niache kazi? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Mahali penyewe pana mvuto wa kweli. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayeishi Dar au Tanga mjini anaihisi tofauti ya hewa kabla gari halijamaliza kona za kutoka Mombo hadi Soni. Pale Irente watu husimama miaka nenda rudi kutazama nyika, wakanunua jibini na mkate wa shamba la Kanisa la Kilutheri, wakaendelea na safari. Wapanda milima hutembea kwa siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae wakilala vijijini. Kwa hiyo sina shaka na wazo lako. Shaka yangu iko kwenye mpangilio wa matumizi. Umeanza kuhesabu kutoka kwenye hema, na hema ndicho kitu cha mwisho kununua. Mgeni hulipia hema mara ya kwanza. Mara ya pili anarudi kwa sababu maji ya kuoga yalikuwa ya moto, njia haikuteleza, choo hakikunuka na alipoamka aliona shamba lililo hai. Hayo yote yamo ardhini, na huko ndiko milioni zako zianze kwenda.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa sababu mbele ya sheria ekari hizo bado ni za marehemu. Kaka zako kutopinga leo ni jambo jema, lakini si ulinzi. Ugomvi wa mali ya familia mara nyingi hauji biashara ikiwa inalegalega. Huja pale wageni wanapoanza kujaa. Fanyeni kikao cha familia, muhtasari uandikwe na kusainiwa, kisha mmoja wenu aombe Mahakama ya Mwanzo imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama itaangalia marehemu aliishi maisha gani ili kujua mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, ya kimila au ile ya serikali. Ikiwa ni ya kimila na mtu akakwambia mtoto wa kike hana fungu kwenye ardhi, mwoneshe kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kinasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Mirathi ikifungwa, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa halmashauri ya kijiji. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 18, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa na serikali, kwa hiyo msiidharau hati hiyo kwa sababu imetoka masjala ya kijiji. Kuna atakayekushauri uihaulishe ardhi, yaani itoke kwenye ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, ili upate hati ya kukopea benki. Kwa ekari sita mimi nakushauri usifanye. Uhaulishaji unapita mkutano mkuu wa kijiji na ofisi nyingi juu yake, na ardhi ikishatoka mikononi mwa kijiji hairudi kirahisi. Unalipa gharama kubwa ili upate uwezo wa kuiweka ardhi ya baba rehani, jambo ambalo nitakueleza mbele kwa nini hulihitaji.

Ninachokipendekeza ni hiki: ardhi ibaki ya wote wanne, na wewe, kwa jina la biashara au kampuni, upangishwe eneo la kambi, tuseme ekari moja na nusu pamoja na njia, kwa mkataba wa miaka kumi unaoweza kuongezwa. Familia ilipwe kodi inayotokana na mauzo, si na faida, kwa sababu mauzo yanaonekana kwenye risiti na faida hubishaniwa. Asilimia tano ya mauzo inatosha mwanzoni. Mkataba upitishwe kwenye halmashauri ya kijiji na kila mmoja abaki na nakala. Siku mkishindwana, unang'oa mahema yako na ardhi inabaki shamba. Uwezo huo wa kuondoka bila kubomoa ndio faida kubwa ya mahema kuliko nyumba za matofali, na ni faida ambayo watu wengi huitupa kwa kumwaga zege kila mahali.

Jambo moja la pembeni kabla sijaendelea. Akitokea mbia asiye raia, kumbuka kwamba asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali. Akikuomba "muandikishe tu kwa jina lako", kataa. Utabeba wewe mzigo wote wa kisheria.

Sasa eneo. Naomba usijenge chochote kabla hujapitisha masika moja ukiwa na macho wazi pale kijijini. Si lazima ukae miezi mitatu. Nenda mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa imeshalowesha udongo, vaa mabuti na utembee shamba zima na mtu anayelilima. Utaona maji yanapita wapi, wapi yanatuama, wapi njia inakatika, wapi ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Chomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu kila unapoona maji yanakimbia. Vijiti hivyo ndivyo ramani yako ya kwanza. Udongo mwekundu wa Usambara ukishiba maji juu ya mteremko huporomoka, na wazee wa Lushoto hawana haja ya kuelezwa hilo na mtaalamu. Majani ya guatemala yaliyopandwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kwenye mashamba yenu hayakuwekwa kwa urembo. Ukikuta mstari wake, uuheshimu, uujazie palipo na pengo, na usikubali fundi aukate ili apate uwanja bapa wa kuweka hema.

Hema kwenye mteremko lisimame juu ya jukwaa la mbao lenye nguzo, si juu ya uwanja uliochongwa. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa na mbao za msindano zinapatikana bila shida. Shamba la miti la serikali la Shume liko wilayani humohumo. Jukwaa linaacha maji ya mvua yapite chini, linaondoa unyevu kwenye sakafu ya hema, na udongo haukatwi. Fundi atakwambia kuchonga ni rahisi zaidi. Kwa siku ile ya kazi, ndiyo. Masika ya pili ukuta wa udongo nyuma ya hema unakuja kulala na mgeni.

Kisha ukingo. Najua unataka kitanda kiwe karibu kabisa na genge ili mgeni afumbue macho aione nyika yote. Usifanye hivyo. Upepo unaopanda kutoka tambarare hupiga ukingo wa mlima kwa nguvu isiyotabirika, hasa alasiri na usiku, na kitambaa kinachopigapiga usiku kucha humnyima mtu usingizi hata kama hakichaniki. Rudisha mahema nyuma mita 20 au zaidi, nyuma ya mstari wa miti kama unao, na pale ukingoni jenga jukwaa dogo la pamoja lenye kizuizi imara cha kufika kifuani. Watu watakwenda kutazama jua likizama upande wa nyika, kisha watarudi kulala mahali penye utulivu. Kwa wageni wenye watoto, kizuizi hicho si hiari. Na kama kuna kijito au chemchemi ndani ya eneo, pima mita 60 kutoka kingo zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye makuba yako. Yanapendeza kwenye picha, sina ubishi. Lakini fikiria hali ya hewa ya kwenu. Juni hadi Agosti usiku kwenye sehemu za juu baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na mvuke wa pumzi za watu wawili ndani ya plastiki isiyopumua hugeuka matone, matone hudondoka kitandani. Mchana jua la alasiri likipiga ile sehemu ya kioo cha plastiki, ndani panakuwa joto kama banda la nyanya, na upande wako wa mlima ndio hasa unaotazama jua la jioni. Na dirisha likichanika, kipande chake kiko bara jingine, na ushuru wake juu. Hema la turubai nzito ya pamba iliyochanganywa na polista, lenye paa la pili juu yake, linapumua. Arusha wapo mafundi wanaoshona mahema ya kambi za mbugani, wanajua kazi, na zipu ikiharibika unapiga simu. Agiza kitambaa cha gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba kilichotiwa dawa ya maji na ukungu, na nafasi kati ya hema na paa la juu isiwe chini ya sentimita 30 ili hewa ipite. Halafu uwe na nidhamu moja: hema lisifungwe likiwa bichi, hata mgeni akiondoka mvua ikinyesha. Turubai likipata ukungu mweusi halisafishiki tena.

Maji ndiyo yatakayoamua ukubwa wa kambi yako, si benki. Kadiria lita 120 kwa mgeni mmoja kwa siku ukiwa na choo cha kuvuta na bafu la maji ya moto. Mahema mawili yakijaa ni wageni wanne, lita 480. Ongeza jiko, ufuaji wa mashuka na wafanyakazi, unafika lita 800. Watu hunijibu, "Lushoto mvua ipo." Ipo, kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la jiko na banda la kulia chakula lenye mita za mraba 60 litakuvunia lita 60,000, ukitoa zinazopotea zinabaki kama 48,000. Gawa kwa 800 upate siku 60 tu za kambi iliyojaa. Kwa hiyo mvua ni nyongeza nzuri, haitoshi peke yake, na miezi mikavu ya katikati ya mwaka ndiyo wageni wa nje huja. Utahitaji kuunganishwa na skimu ya maji ya kijiji kupitia jumuiya ya watumia maji iliyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au kibali cha kutumia chanzo kutoka ofisi ya Bonde la Pangani. Vyovyote itakavyokuwa, weka simtanki la lita 10,000 sehemu ya juu ya shamba ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Hiyo ni akiba ya siku kumi na mbili.

Hapa naomba nikazie, kwa sababu nimeona biashara nzuri zikichukiwa kwa jambo hili. Kama kina mama wa kijijini wanasubiri foleni bombani Septemba wakati mgeni wako anaoga dakika ishirini, hakuna mchango wa madawati utakaofuta hasira hiyo. Kabla hujaunganisha bomba lako, kaa na kamati ya maji, uliza chanzo kinapungua lini, na ikiwezekana gharimia tangi la pamoja au ukarabati wa dakio la maji kwenye chanzo ili nao wapate zaidi kuliko waliyokuwa nayo kabla hujaja. Fedha hiyo iandike kwenye bajeti ya ujenzi, si kwenye sadaka.

Maji ya moto usiyafanyie ubahili. Pipa la kuchemshia kwa kuni linalojengewa udongo kulizunguka hufanya kazi vizuri sana kwenye baridi, na matawi ya migrivelia mnayopogoa shambani yanatosha kuliendesha kambi ikiwa ndogo. Sola ya kupasha maji nayo ni nzuri, ila siku za ukungu itakuangusha, kwa hiyo pipa lisikosekane.

Choo kiwe cha kila hema, kilichojengwa kwa mawe nyuma ya jukwaa, mgeni asitoke nje usiku kwenye baridi. Maji ya choo yaende kwenye tangi la vyumba viwili au vitatu, kisha kwenye shimo la kufyonza lililo chini ya chanzo chochote cha maji na angalau mita 30 mbali nacho. Juu ya mteremko, usichimbe shimo hilo karibu na ukingo wala juu ya hema jingine, maana maji yanayonyonywa pale hulainisha udongo wa chini kimyakimya mpaka unaachia. Maji ya bafuni na ya kunawia hayana haja ya kuingia huko. Yaelekeze kwenye migomba, itakushukuru.

Nikitaja migomba nimefika kwenye jambo ambalo naliamini kuliko yote. Usilifyeke shamba ili lionekane kama bustani ya hoteli. Mgeni wa Dar hakupanda saa sita au saba barabarani kuja kuona nyasi zilizokatwa, hizo anazo Masaki. Anataka kuona viazi vikichimbwa, kahawa ikikaushwa, plamu zikiiva mtini kuelekea mwisho wa mwaka, ng'ombe akikamuliwa. Kati ya ekari sita, nne na nusu ziendelee kulimwa na kaka zako au yeyote anayelima sasa, na kambi inunue kwao kila inachoweza kununua kwa bei ya soko la Lushoto, taslimu. Chakula cha asubuhi kitoke humo. Makande ya jioni yatoke humo. Matembezi ya saa mbili kupita mashamba ya majirani hadi msituni yauzwe kama huduma, yaongozwe na kijana wa kijijini anayejua majina ya ndege na vinyonga, na sehemu ya malipo ifike kwa jirani ambaye shamba lake linapitwa. Wakitaka kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, watalipa kiingilio cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, mwambie kijana asikwepe hilo.

Sasa hesabu. Huu ni mfano, bei zake utazibadilisha ukishapata nukuu za mafundi wa kwenu, lakini uwiano wake utakusaidia. Mahema mawili mara siku 365 ni usiku 730 wa kuuza. Tuseme mwaka wa kwanza unauza asilimia 25, yaani usiku 182, kwa shilingi 150,000 kwa watu wawili pamoja na kifungua kinywa. Mauzo ni milioni 27.3. Kila usiku utatumia kama 45,000 kwa chakula, ufuaji, sabuni na kuni, na karibu 12,000 za kamisheni ya mitandao ya kuuzia vyumba, ukichukulia kwamba nusu ya wageni wanapitia huko na mtandao unachukua asilimia 15. Kodi ya familia sijaiweka, nitaieleza. Unabaki na 93,000 kwa usiku, jumla milioni 16.9. Gharama zisizobadilika, yaani wafanyakazi wawili na mlinzi pamoja na michango ya NSSF, matengenezo, leseni na intaneti, tuziweke milioni 1.1 kwa mwezi, milioni 13.2 kwa mwaka. Tenga milioni 2 kila mwaka kwa ajili ya turubai mpya, kwa sababu jua na unyevu vitalimaliza hili la kwanza na hakuna atakayekupa jingine. Inabaki milioni 1.7. Kodi ya familia ya asilimia tano ingekuwa karibu milioni 1.4. Ndiyo maana nasema mwaka wa kwanza waombe kaka zako wakusamehe kodi, na msamaha huo uandikwe kwenye mkataba.

Usidhani asilimia 25 ni makadirio ya mtu mwoga. Ijumaa na Jumamosi zote za mwaka kwa mahema mawili ni usiku 208. Kwa hiyo usiku 182 ni sawa na kujaza karibu kila mwisho wa wiki, masika ikiwemo. Na ukweli ni kwamba mtu wa Dar hawezi kuja Lushoto kila mwisho wa wiki kwa umbali ule. Atakuja Pasaka, Idi, Sabasaba, Nanenane na Krismasi, pale siku zinapoungana. Mwisho wa wiki wa kawaida mtegemee zaidi mtu wa Tanga, Korogwe, Moshi. Katikati ya wiki ni wapanda milima na watalii wanaounganisha Usambara na Mkomazi au na ufukwe wa Pangani. Kila kundi lina namna yake ya kukupata na bei linayoivumilia, na itakuchukua mwaka mzima kujua lipi ndilo lako.

Tazama sasa mpango wako wa mahema matano. Usiku wa kuuza unakuwa 1,825. Wageni hawaongezeki kwa sababu umeongeza mahema, kwa hiyo usiku ule ule 182 unakuwa asilimia 10, huku maji, wafanyakazi na matengenezo vikipanda. Mkopo wa milioni 30 kwa riba ya, tuseme, asilimia 16 unakudai milioni 4.8 ya riba peke yake mwaka wa kwanza, ilhali kambi imekuachia 1.7. Tofauti hiyo ingetoka kwenye mshahara wako. Usikope.

Milioni 45 zako ningezigawa hivi: 23 ziingie ardhini, kwenye mirathi na hati, maji, njia, mifereji, vyoo, jiko na banda la kulia, 15 kwenye mahema mawili na majukwaa, vitanda na magodoro yake, na godoro liwe zuri kuliko la nyumbani kwako, 7 zikae benki bila kuguswa. Kama mwaka wa pili utafika asilimia 33 na wa tatu 40, kambi itakuachia karibu milioni 7 kisha 12 kabla ya kodi ya familia na ya serikali, na zile milioni 38 ulizotumia zitarudi mwaka wa tano au wa sita. Anayekuahidi mwaka mmoja anakuuzia mahema.

Makaratasi ya biashara nitayapita haraka kwa kuwa hayana fumbo. Jina au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA na mashine ya risiti, leseni ya halmashauri ya wilaya, leseni ya malazi chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, ukaguzi wa Zimamoto. Kwa mazingira, peleka maelezo ya mradi kwa mamlaka ya mazingira upangiwe kundi la tathmini kabla ya kuchimba shimo lolote, maana miradi haipimwi sawa na mdogo haupiti mlango mmoja na mkubwa. Kwa mauzo ya ukubwa huu hufiki kiwango cha lazima cha kusajiliwa VAT, ambacho ni milioni 200 kwa mwaka. Bei zako ziandike kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazouzwa nchini.

Majirani nao. Mweleze mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mpango wako kabla hawajausikia kwa fundi, kisha omba dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji uueleze mwenyewe. Watakuuliza kuhusu muziki, pombe na mavazi, na wana haki. Kijiji chenye msikiti na kanisa hakitaki kelele za saa saba usiku, na wageni unaowataka hawazitaki pia. Weka sheria za kambi kwa maandishi: muziki mwisho saa nne, hakuna kupiga picha watoto wa watu, hakuna kukatisha shamba bila kuongozwa. Waambie pia ni ajira ngapi, na usizidishe idadi.

Na kazi yako usiiache. Usiku 164 kwa mwaka ndio unaolipa gharama zote na akiba ya turubai bila kukuachia hata senti, kwa hiyo mwanzoni kambi haiwezi kukulisha. Unachohitaji ni msimamizi anayeishi palepale, mwenye mshahara na sehemu ndogo ya mauzo, anayejua kupika na kuzungumza na watu, na awe anatunza daftari la wageni na la fedha unalolikagua kila mwezi kwa kulinganisha na risiti. Kama ni ndugu, mkataba wake uwe mkali kama wa mtu baki. Wewe panda kila sikukuu kubwa, ndipo wageni wanapokuwa wengi na ndipo utakapojifunza. Hema la tatu liagizwe pale mawili yatakapokuwa yameuza usiku 290 ndani ya mwaka mmoja, na tangi la lita 10,000 halijawahi kukauka Septemba. Kazi nayo, iache pale kambi itakapokuwa imekuachia mshahara wako wa mwaka kwa miaka miwili mfululizo.

Kwa sasa, piga simu kwa kaka zako mpange tarehe ya kikao cha mirathi, na Aprili uende na mabuti.